Posa Mbele ya Kamera

Sehemu ya Tisa

Jembe bado liko mikononi mwa mzee Niyubahwe. Wiki nzima nimesimamishwa barabarani nikiulizwa kama amelirudisha, nami nawajibu hapa hapa gazetini: hajalirudisha. Amelikumbatia kifuani kama mtu aliyepakatishwa mjukuu, na neno lake ni lile lile tulilomwacha nalo.

"Binti yangu ameposwa," alisema mzee. "Hapa hakuna mchezo tena."

Kwa aliyelikosa gazeti, mambo yalikuwa hivi. Mwaka ule wa 2014, mwalimu Elisante, mzaliwa wa Moshi aliyepangiwa kufundisha Kasulu, alikuwa anatengeneza filamu. Si filamu ya majini wala ya wachawi. Ni filamu nyepesi tu, ya kuuliza kama maisha haya ni kichekesho au ni msiba. Ndani yake mfanyabiashara wa maharage anakwenda kuposa, na siku hiyo hiyo uvumi unafika kwao kwamba amekufa njiani. Huku wanapiga vigelegele, kule wanalia. Mwisho wake Elisante alikuwa hajauamua, na kila akiulizwa alijibu kwamba anaisubiri filamu yenyewe imwambie.

Mposaji wa filamu alikuwa Longinus, ambaye hata nje ya filamu ni mfanyabiashara wa maharage, anayeyanunua Kibondo na Mabamba na kuyauza Kasulu. Mchumba wa filamu alikuwa Jeanne, binti wa mzee Niyubahwe wa Titye. Kwa kuwa mzee ana uwanja mpana wenye migomba nyuma yake, na ana uso unaopendeza kwenye picha, Elisante alimwomba acheze baba wa msichana. Yaani acheze yeye mwenyewe. Mshenga wa filamu alipomkabidhi jembe la posa, mzee alilipokea, kisha akakataa kulirudisha.

Na Ghati je? Ghati, afisa mifugo, binti wa Tarime, alikuja kutazama tu. Alikuwa na sababu nzuri ya kutazama. Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa aolewe na Longinus.

Sasa tuendelee.

Mwanzoni watu walicheka. Walidhani mzee anaongeza chumvi, na Elisante, jicho kwenye kamera, alimpungia mkono aendelee hapo hapo. Mzee hakuendelea. Alimwambia mwalimu, kwa upole kabisa, kwamba filamu imekwisha na yaliyobaki ni mambo ya nyumbani kwake. Elisante akaitikia kwa heshima zote. Kamera hakuizima.

Ghati hakumtazama mzee. Alimtazama Longinus, kwa sababu mwanamke anayeolewa Jumamosi anajua pa kutazama.

Longinus alisema ni filamu tu, mzee. Akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba ni filamu tu. Ghati akasubiri sentensi inayofuata. Ilikuwa sentensi fupi, mtoto wa chekechea angeweza kuisema: nina mchumba, na mchumba wangu ni yule pale. Alisubiri mpaka Longinus akainama na kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Pale Titye hakuna aliyejua kwamba Ghati ni mchumba wa mtu. Kwao alikuwa daktari wa mbuzi, basi. Utauliza kwa nini hakujisemea. Ya kwanza ni baba yake. Mzee yule na baba zake wadogo walikuwa njiani kutoka Tarime kuja harusini, wamelala Kahama, na alikuwa amekubali mkwe Muha kwa kusukumwa. Kwao posa ni ng'ombe, si maneno. Akisikia mkwe wake ameonekana Titye akipeleka jembe kwa binti mwingine, basi walilopanda angeligeuza kwa mikono yake, na Ghati angerudishwa Tarime kwenye siti ya nyuma. Ya pili aliijua mwenyewe moyoni. Ukisimama mbele za watu useme mwanaume huyu ni wangu, naye akanyamaza, uso wako utauficha wapi?

Kwa hiyo alinyamaza. Lakini alianza kutazama vitu.

Tharsisi, aliyekuja kama mshenga, alijaribu kumtuliza mwenye nyumba. Alishindwa, na kusema kweli hakujaribu sana. Mzee Niyubahwe aliuliza uwanja mzima, cha uongo hapa ni kipi? Baba wa binti ni yeye, wa kweli. Pombe ya ndizi ni ya kweli, na wote wameivuta kwa mirija kwenye chungu kimoja. Jembe ni la kweli, lina makali. Mshenga ni Tharsisi, ndugu wa damu wa marehemu baba yake Longinus. Kitu pekee kigeni ni ile kamera, na kamera haijawahi kuvunja posa ya mtu.

Kijana mmoja akajibu kwamba maneno ndiyo ya uongo, maana mwalimu aliwafundisha jinsi ya kusema wamepotelewa na ndama na kwamba nyayo zake zimeingia humu.

Mzee alicheka mpaka akajishika ubavu. "Na posa ya kweli inasemaje, mwanangu?" aliuliza. "Mshenga anakuja ananidanganya kwamba kapoteza ndama. Mimi namdanganya kwamba sijaona ndama. Tunadanganyana mpaka jua linageuka, tunacheka, halafu binti anaolewa. Huo uongo ndio posa yenyewe."

Wazee wakaitikia ego, ego, ndiyo hivyo. Mimi ninayewasimulia nimelitafutia neno hilo jibu mpaka leo, sijalipata. Mzaha mzaha, walisema wahenga, hutumbuka usaha.

Mzee akatangaza kwamba hakuna neno litakaloamuliwa kabla chungu hakijaisha. Ndiyo mila. Waliokuwa na kiu waliona ni mila nzuri mno.

Ghati aliutazama mpini wa lile jembe. Ulikuwa mweupe, umechongwa karibuni, umelainishwa na kupakwa mafuta. Jembe la kuigizia huazimwa kwa jirani, na jembe la jirani lina mpini mweusi wa jasho. Hili mtu alikuwa ameliandaa, tena kwa mapenzi. Nani huyo, na lini?

Aliingia jikoni kwanza.

Jeanne alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, bado na kitenge cha filamu na poda ya filamu. Alikuwa amelia, na poda ilikuwa imefanya mistari. Ghati alimsogelea kwa upole wa daktari, lakini macho yalikuwa ya askari. Alimuuliza moja kwa moja kama alijua.

Jeanne alikana. Alisema alijua atakuja Khatibu, yule kinyozi wa Kibondo anayecheza wazee kwa kubandika pamba kidevuni, na kwamba alipomwona Tharsisi anaingia na koti lake la kanisani alidhani mwalimu amebadilisha mtu. Kisha akasema jambo ambalo Ghati hakulitarajia. Alikuwa na mtu wake, Bazilio, fundi seremala wa Mabamba, na walikuwa wanapanga kumwambia baba baada ya mavuno.

"Basi nenda ukamwambie baba yako sasa hivi," alisema Ghati.

"Dada, hujui unachoniambia." Jeanne alichochea moto usiohitaji kuchochewa. "Baba alikuja nchi hii mkimbizi, amebebwa mgongoni, mwaka sabini na mbili. Amelima hapa, amezika hapa, na sasa ni raia. Dada zangu wawili wameolewa na watu wa hapa. Unajua waliposwaje? Hawakuposwa. Walichukuliwa tu. Hakuna mzee aliyekuja kuketi kwenye uwanja huu hata kusema hodi. Baba husema walituokota kama kuni za porini, anayepita anabeba. Leo ndiyo mara ya kwanza jembe linaingia kwa mlango."

Ghati alikuwa ameingia na hasira, na hasira ikakosa pa kukaa. Kule nje alisikia wanaume wanacheka, na sauti ya mzee ikicheka kuliko zote, sauti ya mtu aliyesubiri kicheko hicho miaka mingi. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi.

Hata hivyo harusi ilikuwa yake na Jumamosi ilikuwa inakuja. Akauliza kama hakuna njia. Jeanne alisema ipo moja. Chungu kikiisha, binti huitwa mbele ya wazee na kuulizwa kama anamkataa mposaji. Akisema anamkataa, jembe linarudi bila aibu kwa yeyote, maana ameamua binti, si ukoo. Mtu mwingine akilirudisha, hapo ni sawa na kusema binti wa Niyubahwe kakataliwa mchana kweupe.

"Utasema unamkataa?" aliuliza Ghati.

"Nitasema, dada."

"Niapie."

Jeanne aliapa, kwa jina la Bikira Maria, mkono ukiwa kwenye rozari yake shingoni. Ghati alitoka jikoni akipumua. Lakini mtu aliyeanza kushuku ni kama aliyeanza kujikuna, haachi kwa sababu pameisha kuwasha.

Alimkuta Longinus nyuma ya migomba. Alikuwa anatabasamu, lile tabasamu lake linalopunguza bei ya maharage kwa wakulima wa Mabamba kabla hajafungua mdomo. Alimwambia Ghati acheke kidogo, kwamba hii watakuja kuwasimulia watoto wao. Khatibu hakufika, alisema, kwa hiyo asubuhi ile ile alimpigia simu baba yake mdogo aje aokoe jahazi, naye mzee wa watu akaja na jembe kwa kutojua. Bahati mbaya, basi.

"Mbona hujamwambia mzee kwamba una mchumba?" aliuliza Ghati.

"Nikimwambia sasa hivi nitamwaibisha mbele ya wageni wake. Ngoja pombe iishe, mama. Unaniamini huniamini?"

Lilikuwa jibu zuri. Ghati alilipindua huku na huku, hakuona tundu. Ndicho kilichomtia wasiwasi. Mtu mwenye bahati mbaya hujibu kwa kubabaika, na huyu alijibu kama mtu aliyekariri.

Akaenda pembeni, karibu na zizi, akampigia Khatibu.

Khatibu alikuwa saluni kwake Kibondo na alikuwa amenuna. Alisema alikwishanunua pamba. Alisema alikuwa amepata kikohozi kipya cha kizee, cha kuwaua watu kwa kicheko. Halafu jana jioni, jana hiyo, Elisante akampigia kwamba asije, nafasi yake imepata mtu.

Jana jioni. Na Longinus amesema asubuhi ya leo. Ghati alikata simu bila kuaga, jambo ambalo kwao ni utovu wa adabu, na Khatibu hakupiga tena.

Elisante alipobanwa alikiri upesi. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kamera akiwapiga picha wazee kwenye chungu. Alisema wazo halikuwa lake, ingawa lilimpendeza. Longinus ndiye aliyemfuata jana na kumwambia ana mzee wa kweli, wa ukoo wa kweli, asiyehitaji pamba. "Nilitaka nyuso za kweli, Ghati," alisema. "Na mtazame mzee Niyubahwe. Pesa ya kumfundisha mwigizaji alie vile sina."

Kisha akamuuliza, kwa dhati kabisa, kama yeye anaona hiki ni kichekesho au ni msiba, maana lazima aamue aweke muziki gani.

Msomaji, Ghati hakumpiga. Nilitaka ujue hilo.

Alikuwa amebaki mmoja wa kuulizwa. Tharsisi alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi ukutani, amechoka na kupendeza, koti limefungwa vifungo vyote. Ghati alikuwa hajawahi kuonana naye. Longinus alimwambia siku nyingi kwamba baba mdogo anaishi ndani ndani, upande wa Kibondo, ni mtu mgumu wa kutoka, na kwamba taarifa zote za harusi atampelekea mwenyewe. Ghati aliamini. Alimwamkia shikamoo, akaketi ncha ya benchi, akausifia ule mpini.

Mzee alifurahi. Alisema ameuchonga jana mchana kutwa, mara tu alipopata simu ya mwanawe. Mkono wake siku hizi unatetemeka, lakini kwa kazi hiyo haukutetemeka.

"Alikuambia ni filamu, baba?"

"Alisema kutakuwa na watu wa kamera." Tharsisi alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Siku hizi posa gani haina kamera?"

Ghati alimuuliza kama hakushangaa, posa kuja ghafla hivyo. Tharsisi alisema ashangae nini, na mwezi mzima anajua kwamba kijana wake anaoa Jumamosi hii. Aliambiwa harusi iko Kasulu, aandae koti. Jina la binti hakutajiwa, naye hakuuliza, maana binti hatajwi kabla jembe halijafika. Jana alipoambiwa njoo Titye unisemee, alijua ndiyo huyo. Harusi ya Jumamosi, jembe la Jumanne. Alichelewa kidogo kijana, alisema, lakini amefanya kwa heshima.

"Hakukutajia Tarime?" aliuliza Ghati. "Hakukuambia kwamba alikwenda kuposa Tarime?"

"Tarime?" Mzee alicheka kwa wema. "Tarime aliposwa nani, mwanangu? Angeposa na nani bila mimi?"

Swali hilo, ndugu zangu, ndilo lililomchoma Ghati, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Longinus alikwenda Tarime na Elisante. Walifika wawili tu, na suti zinazofanana. Elisante, Mchaga wa Moshi, alisimama mbele ya wazee wa Kikurya akasema yeye ni kaka wa damu wa Longinus, tumbo moja, titi moja. Akasimulia habari za bibi yao aliyekufa, bibi ambaye hajawahi kuzaliwa. Wazee wakaguswa. Siku ile Ghati alikuwa mlangoni, anabana kicheko kwa upindo wa kanga mpaka machozi yakamtoka. Aliambiwa ukoo wa Longinus hauna nauli ya safari ndefu, na kwamba kaka wa kuazima hana ubaya, kwani posa si maneno tu? Alicheka. Mwaka mzima alikuwa akiisimulia ofisini kama kituko.

Leo hakikuwa kituko. Leo aliziweka posa mbili ubavu kwa ubavu. Moja ilikuwa na kamera, baba mdogo wa kweli, jembe lenye mpini wa siku moja, na mzee anayelia kwa furaha. Nyingine haikuwa na kamera hata moja, na kila aliyesimama kusema alikuwa mwigizaji.

Ipi ilikuwa filamu?

Kwa nini mtu amwambie baba yake mdogo kwamba anaoa, asimwambie anaoa nani? Pengine ni uzembe, maana Longinus ni mtu wa kusema kesho. Pengine ni woga wa mzee kusikia ng'ombe wa ukoo wanavuka kwenda Mara. Na pengine, wazo hili likaja likajilaza kifuani mwa Ghati kama paka, pengine Longinus alikuwa ameacha milango miwili wazi makusudi, asubiri aone upepo utaufunga upi.

Alitaka kurudi nyuma ya migomba akamuulize ana kwa ana. Hakuwahi. Mtu alipiga kofi kwenye chungu, na chungu kikalia kitupu.

Uwanja ulikaa sawa. Wazee upande huu, vijana upande ule, wanawake mlangoni mwa jikoni. Longinus aliwekwa kwenye kiti katikati. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, lakini tabasamu lilikuwa mahali pake. Elisante alizunguka na kamera, anakanyaga taratibu, na safari hii hakuna aliyemwambia azime.

Jeanne aliletwa. Alikuwa ameosha uso. Alipita karibu na Ghati, macho yao yakakutana, na Jeanne akatikisa kichwa kidogo sana, kama kusema usiogope, nakumbuka.

Mzee Niyubahwe alisimama. Alianza kwa Kiha, akasalimu wazee, akawashukuru waliotembea. Alisema kwa Kiswahili, ili na wageni wasikie, kwamba yeye hana ng'ombe wa kujivunia wala mlima wenye jina la babu yake katika nchi hii. Alichonacho ni mlango, na leo mlango huo umebishwa hodi. Mkewe akiwa jikoni akajipangusa, na watu waliokuwa wanacheka muda si mrefu wakatazama chini.

Kisha akamgeukia binti.

"Jeanne, mwanangu. Kijana huyu ameketi hapa kwa ajili yako. Je, unamkataa?"

Ghati alikuwa ameshika ncha ya benchi kwa mikono yote miwili. Neno moja tu. Sema, mdogo wangu. Umeapa.

Jeanne alimtazama Longinus, akahamia kwa baba yake. Alimtazama baba yake muda mrefu, ule uso wa kwenye picha, unaotetemeka kidevu kwa fahari kama mtoto aliyeitwa mbele kupewa zawadi.

"Oya, baba," alisema, yaani hapana. "Simkatai."

Vigelegele vilipasuka kutoka mlangoni mwa jikoni. Tharsisi alivua kofia. Mtu alipiga ngoma ya dumu la plastiki. Ghati hakusikia vizuri. Alimtazama Jeanne, na Jeanne hakumtazama. Je, amemwonea huruma baba? Au Bazilio wa Mabamba hayupo, hajawahi kuwepo, na kiapo cha jikoni kilikuwa cha kumtuliza mjinga mpaka chungu kiishe? Nani alikuwa amemfundisha maneno yake, na lini? Rozari ile ile ilikuwa shingoni mwake, inang'aa.

Longinus naye hakuonekana kushtuka. Hilo Ghati alilisoma barabara.

Mzee Niyubahwe aliinua mkono, kelele zikashuka. Alisema limebaki swali moja la mwisho, la kulinda binti asije akaingia nyumba yenye mwenyewe. Huulizwa kwa wote, na baada ya hapo halifunguliwi tena mpaka kifo. Akalitupa uwanjani: yupo hapa mwanamke yeyote mwenye neno juu ya mwanaume huyu?

Kuku alipita katikati ya uwanja akidonoa.

Hapo ndipo Longinus alipogeuka. Hatimaye alimtazama Ghati mbele za watu, na alikuwa anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayemngoja mwenzake amfungulie geti. Lilisema, haya, mama, si unaona, sema basi. Tangu asubuhi Ghati alikuwa anaisubiri sentensi moja kutoka kwake, na muda wote huo yeye alikuwa anasubiri asemewe. Mzee akivunjika moyo, amevunjwa na Ghati. Jeanne akiaibika, ameaibishwa na Ghati. Longinus angebaki msafi, amekaa kwenye kiti chake, kijana mzuri aliyegombaniwa na wanawake wawili. Na kama Ghati asingesema, basi yeye hakumkana mtu.

Ghati aliona uchungu ambao hajapata kuuona, na juu ya uchungu, kitu kingine kilichofanana sana na kucheka.

Alisimama. Vichwa vyote vikamgeukia. Mzee Niyubahwe alikunja uso, kwa sababu alimpenda daktari huyu aliyemponyea mbuzi, na hakuelewa amesimama kwa nini. Elisante alimwelekezea kamera, akasahau kupumua.

"Shikamoo mzee," alisema Ghati. "Nimelisikia swali lako, na ni swali la haki. Lakini umenikosea mimi kuniuliza. Muulize yeye."

Tabasamu lilimtoka Longinus. Halikupungua, lilitoka zima zima. Ghati alikuwa hajawahi kumwona ana hofu, na sasa alipoiona alitaka kujua jambo moja tu, anamwogopa nani kati ya watu wote waliokaa pale. Hakuwa anamtazama Ghati tena. Hakuwa anamtazama Jeanne. Alikuwa anatazama mlangoni mwa jikoni, kwa mwanamke mgeni mwenye mtoto mgongoni, aliyesimama nyuma ya wenzake na ambaye hakuna aliyemwona akiingia.

Mzee Niyubahwe, aliyekuwa hajaona lolote la hayo, alimgeukia kijana taratibu.

"Haya, mkwe wangu," alisema. "Huyu daktari ni nani kwako?"